Zimwi la Fujo Nalo Lina Lake

Chukua kikao cha kawaida cha mchezo wa uhusika, ule ambao kila mchezaji huigiza mhusika wa kubuni na mwendeshaji husimulia dunia na viumbe vyake. Ni Jumamosi mchana, tuseme Sakina, Arusha. Meza ya chakula imeondolewa kitambaa, wachezaji wanne wana karatasi za wahusika wao, mwendesha mchezo ana daftari, dadu na chupa ya chai. Anawaambia kwamba pangoni mbele yao wamo viumbe sita wa fujo. "Wanafanya nini?" mchezaji anauliza. "Mmoja anacheka, mwingine anamng'ata mwenzake, wa tatu anakula udongo." Watu wanaangua kicheko. Baada ya dakika arobaini viumbe wale wale bado wanacheka, wanang'atana na kula udongo, na hakuna anayeuliza tena wanafanya nini. Wachezaji wameshaelewa kwamba hapo hakuna cha kuelewa, kwa hiyo wanafanya jambo moja lililobaki: wanarusha dadu mpaka viumbe waishe.

Hasara yake ni zaidi ya pambano moja lililopooza. Mchezo wa uhusika unaishi kwa maamuzi: tuzungumze nao, tuwahonge, tuwazunguke, tuwatishe, tukimbie. Kiumbe ambacho chaweza kufanya lolote wakati wowote hakimwachii mchezaji uamuzi wenye maana, kwa sababu kila njia inaishia kwenye bahati nasibu ile ile. Ndiyo maana zimwi la fujo linahitaji kuchongwa kwa makini kuliko askari wa lango. Askari ana amri za mkubwa wake, na hata ukimchora ovyo amri hizo zitambeba. Zimwi la fujo halina amri ya mtu. Lina lake tu.

Hilo "lake" ndilo la kulitafuta. Zimwi la fujo linajua vizuri sana linachotaka. Linachokataa ni kupangiwa njia, saa na mipaka ya kukipata. Njia zake hazitabiriki. Hamu yake haiyumbi.

Mkanganyiko ulianzia wapi

Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974, ulianza na pande tatu: utaratibu, fujo, na wale wa katikati. Kuwa wa fujo wakati huo kulikaribia kuwa wa jeshi fulani. Kulieleza utasimama upande gani vita ikija, na tabia yako binafsi haikuguswa sana. Miaka michache baadaye pande hizo zikawa misimamo tisa, baada ya mhimili wa utaratibu na fujo kukutanishwa na mhimili wa wema na uovu. Fujo ikawa sifa ya moyo. Matokeo yake, joka jekundu linalolala juu ya dhahabu yake na pepo mbaya wa kuzimu wanaandikiwa maneno yale yale: fujo na uovu. Mwendeshaji mgeni anayasoma, anaona hayamwambii la kufanya, anaamua kwamba maana yake ni wazimu.

Msimamo unakuambia kiumbe kinakataa nini. Kinachotaka lazima ukiandike mwenyewe.

Na hata ndani ya mchezo huo, fujo haikuwahi kuwa ovyo kabisa. Slaad, viumbe wanaofanana na vyura wakubwa, ndio wanaotajwa kuwa fujo yenyewe iliyovaa mwili. Angalia wanavyozaana: slaad mwekundu hupandikiza yai mwilini mwa mtu, na kinachotoka ni slaad wa bluu, slaad wa bluu humwambukiza mtu ugonjwa, na mtu huyo hugeuka slaad mwekundu. Mwathirika akiwa mchawi, anayetokea ni wa kijani. Huo ni mzunguko ulionyooka kama ratiba ya basi, na mchezaji anayeujua anaweza kuutumia.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati hapa, kwa sababu lugha yetu ilishalifikiria jambo hili zamani. Tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ndani ya methali hiyo kuna zimwi lenye kumbukumbu, lenye upendeleo, linalojizuia kwa sababu zake lenyewe. Ndivyo alivyo pia Nunda katika hadithi ya kale ya Pwani: paka wa sultani aliyeanza na wanyama wadogo, akaachiwa kwa sababu ni wa mfalme, akapanda kwa wakubwa, kisha watu, mpaka wana wa sultani mwenyewe. Hakuna mtu aliyeweza kumzuia, lakini mtu yeyote aliyekuwa makini angeweza kusema hatua inayofuata ni ipi. Nunda anatisha kwa sababu tunaona anakoelekea.

Kadi yenye mistari minne

Nunua karatasi moja ya manila dukani, ikate vipande vya ukubwa wa kiganja. Kila kiumbe chenye jina kinapata kipande kimoja chenye mistari minne: hamu, kero, mwiko, dalili. Dakika kumi zinatosha kwa kadi tatu. Ukitumia zaidi ya hapo, huenda unaandika historia ya maisha ambayo hakuna atakayeisikia.

Hamu ni kitu ambacho kiumbe kinaweza kukifuata sasa hivi, ndani ya chumba hiki. "Anataka kutawala dunia" haisaidii kitu. "Anataka kukaa mahali pa juu kuliko kila mtu" inasaidia, kwa sababu ukifika wakati wake wa kucheza unajua anapanda wapi. Kipimo ni raundi moja, yaani zamu moja ya kila aliyemo pambanoni, ambayo katika toleo la mwaka 2014 la mchezo ule wa Gygax na Arneson huhesabiwa kuwa sekunde sita. Kama kiumbe hakiwezi kuigusa hamu yake hata kidogo ndani ya sekunde sita, iandike upya, ndogo zaidi na ya karibu zaidi.

Kero ni kile kinachomtoa kwenye reli. Hapa pana sababu ya kimchezo. Hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi: mchezaji anayegundua kero ya zimwi amepata ndoano, anaweza kulivuta litoke pangoni, liache mateka, ligeukie adui mwingine. Kwa hiyo kero iwe ya kitu ambacho wachezaji wanaweza kukifanya. Kelele, kimya, moshi, kuamriwa, kuangaliwa usoni. Kero ya "haki duniani" haina ndoano.

Mwiko ndio mstari unaowashangaza wengi. Zimwi la fujo liwe na mwiko? Ndiyo, na ulinde kuliko yote. Kiumbe kinachokataa sheria za kila mtu hujitungia ya kwake, na hiyo huishika kwa ukali usio wa kawaida, maana ni kitu pekee alichokichagua. Kuna asiyekula mbele ya anayelala. Kuna asiyerudi kwa njia aliyojia. Mwiko hauhitaji kuwa na maana kwa wengine. Unahitaji tu kuwa wa kudumu, ili wachezaji wakiugundua mara ya kwanza uwe kweli na mara ya tano pia.

Dalili ni kitu kinachoonekana, kinachosikika au kinachonuka kabla kiumbe hakijafungua mdomo. Waendeshaji wengi huiruka, na kwa kuiruka hupoteza kazi yote. Mapigano mengi huisha ndani ya raundi tatu hadi tano, maana yake kibwengo wako anatenda mara tatu au nne halafu amekufa au amekimbia. Tabia iliyobaki kwenye kadi tu haikuwepo. Kadiri kero au mwiko unavyoweza kuwaumiza wachezaji, ndivyo dalili zake zinavyotakiwa kuwa nyingi: moja kwenye mazingira, moja kwa mhanga aliyetangulia, moja kwenye mwenendo wa kiumbe chenyewe. Kama joka huua anayeongea akiwa amekaa, basi mlangoni pawe na mabenchi yaliyovunjwa, ndani kuwe na mifupa iliyokaa, na joka lenyewe liulize, "Umechoka?" Baada ya hapo mchezaji akikaa, lawama si ya dadu.

Dadu mbili za ludo

Swali linalofuata ni: fujo yenyewe iingie wapi, kama kila kitu kimeandikwa? Inaingia kwenye njia, kwa dadu. Na aina ya dadu ina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Kosa la kawaida ni kuandika orodha ya vitendo sita na kurusha dadu moja. Kila kitendo kinapata nafasi sawa, kama asilimia 17. Kiumbe cha namna hiyo hakina kawaida. Hana anachofanya zaidi ya kingine, na mtu asiye na kawaida hawezi kutushangaza. Tumia dadu mbili za pande sita, ujumlishe. Zile za ludo zinazouzwa madukani zinatosha, huhitaji dadu za pande ishirini zilizoagizwa kutoka nje. Jumla ya 6, 7 au 8 hutokea mara 16 kati ya 36, yaani asilimia 44. Hapo andika kile ambacho kiumbe hufanya siku zote. Jumla ya 3 hadi 5 ni asilimia 25, na 9 hadi 11 ni asilimia 25 nyingine. Hapo weka miegemeo miwili, mmoja wa hamu na mmoja wa kero. Jumla ya 2 au 12, kila moja ni mara 1 kati ya 36. Hapo weka kile ambacho wachezaji watakisimulia mwezi mzima.

Hesabu ni hii: ukirusha mara tisa katika kikao, tukio la 2 au 12 utalipata takriban mara moja katika vikao viwili. Hicho ndicho kiwango kizuri. Likija kila nusu saa linakuwa kelele.

Usirushe kila raundi. Rusha pale tu hali inapobadilika: mtu mpya ameingia, damu ya kwanza imemwagika, mtu ametoa ahadi, kitu cha hamu yake kimeonekana. Kati ya mirusho hiyo kiumbe kinaendelea na alichoanza. Waendeshaji wanaorusha kila raundi hurudi kule kule kwenye kula udongo, ila sasa kwa kutumia jedwali.

Ujasiri nao ukadirie kwa dadu hizo hizo, kwa mtindo wa matoleo ya zamani. Kila mwenye jina ana namba kati ya 2 na 12. Akifa wa kwanza katika kundi, na tena nusu ya kundi ikianguka, rusha. Ukipata zaidi ya namba yake, anaacha vita. Mwenye 5 ataondoka mara 26 kati ya 36. Mwenye 9 ataondoka mara 6 tu. Tofauti hiyo pekee inavunja ule ubaya wa mazimwi yote kupigana mpaka la mwisho, ubaya ambao umeua tabia nyingi kuliko panga. Na "kuacha vita" pia kufuate kadi: mmoja anakimbia, mwingine anajifanya amekufa, wa tatu anahamia upande wa wachezaji na kudai alikuwa wao tangu asubuhi.

Vibwengo watatu kwenye gogo

Tuseme nchi ya mchezo wenu imechorwa kwa kufuata miteremko ya juu ya Moshi: migomba, ukungu, mapango, na mifongo, ile mifereji ya maji ambayo Wachaga wameichimba na kuitunza vizazi na vizazi. Juu ya mfongo mmoja mpana limelazwa gogo la msesewe, ndiyo njia pekee ya kuvuka. Wanalilinda vibwengo watano. Wawili hawana jina. Ni mikono na meno tu, na ni sawa. Katika kundi la watano mpaka wanane, majina matatu yanatosha. La nne wachezaji hawatalishika.

Bi Ndulele ni mzee wao. Hamu: kubembelezwa. Kero: neno "lazima". Mwiko: akishaitikia marahaba, hawezi kumgusa aliyemwamkia mpaka jua lizame. Dalili: masikio yake yamezibwa kwa majani makavu ya mgomba. Ujasiri 9.

Sufuria amevaa sufuria kichwani na huigonga kwa kijiko. Hamu: chuma chochote kinacholia. Kero: kimya. Mwiko: hapokei cha kupewa, sharti aibe. Ujasiri 6.

Kiroboto yuko juu ya tawi, siku zote juu ya kitu fulani. Hamu: kuwa juu kuliko wote. Kero: kutazamwa kutoka juu. Mwiko: hapigani miguu ikiwa chini. Ujasiri 5.

Sasa sikiliza mezani.

"Shikamoo bibi," anasema mchezaji wa mpiga upinde.

Mwendeshaji: "Bi Ndulele anakuangalia midomo. Hajibu. Anasukuma majani yazame zaidi masikioni."

"Anaogopa kusikia nini?"

"Kiroboto anapiga kelele kutoka juu: 'Usimwamkie! Ukimwam...' Anajiziba mdomo."

"Nampa yule wa sufuria sarafu yangu."

"Anarudi nyuma kama umempa kaa la moto. Anaitazama sarafu kwa huzuni."

"Basi naweka njuga yangu juu ya jiwe. Natingisha kidogo. Halafu nageuka, natazama mlima."

"Ukigeuka tena, jiwe liko tupu na Sufuria analia kwa pande mbili, sufuria na njuga."

Mpiga upinde anainama, anamnong'oneza Sufuria: "Unajua bibi ameficha nini masikioni? Njuga mbili." Mwendeshaji anarusha dadu, maana kitu cha hamu kimetajwa, inakuja 7, yaani kawaida yake: anaiba. Majani yanaruka hewani. "Shikamoo bibi!" Na yule mzee, kwa uchungu mkubwa, anatoa neno: "Marahaba, mjukuu."

Mwendeshaji hakuyapanga hayo. Hakuwa na haja, kwa sababu kadi tatu zinashikana: mwiko wa mmoja umezibwa, dalili yake inaonekana, hamu ya mwingine ni ufunguo, na mdomo wa wa tatu unavujisha siri. Ukiandika kadi za kundi, hakikisha angalau hamu moja inagongana na mwiko au kero ya mwingine. Viumbe wa fujo wakikaa pamoja wanakaa kwa kuvumiliana kwa shida, na pale penye shida ndipo wachezaji wanapoingiza kidole.

Jambo moja la kuangalia: mwiko usigeuke neno la siri linalomaliza kila pambano. Aliyeamkia na kuitikiwa ni mmoja. Wenzake watatu bado wako mikononi mwa Bi Ndulele, na sasa amekasirika.

Kicheko cha fisi

Viumbe wa fujo wakiwa wengi na wakali, kiolezo bora kiko karibu nasi, Ngorongoro, ambako watafiti wamewafuatilia fisi madoa kwa miongo mingi. Waendeshaji wengi huwachora fisi-watu kama genge la madume wanaocheka kwa furaha ya kuua. Fisi halisi ni kinyume chake, na ukweli huo una utajiri zaidi. Majike ni wakubwa kuliko madume na ndio wanaoongoza. Cheo hurithiwa kutoka kwa mama: mtoto wa mkuu husimama juu ya majike wazima wa chini. Madume wengi hukua, wakahama, wakaanza upya kwenye kundi la wengine wakiwa mkiani. Kundi halitembei pamoja. Hutawanyika na kukusanyika, likiitana kwa mlio unaosikika kilomita kadhaa. Na kile kicheko hutolewa na fisi aliyebanwa, anayesukumwa, mara nyingi aliye chini akikabiliwa na wa juu kwenye mzoga.

Hamishia hayo mezani. Fisi-mtu anayecheka ndiye anayeonewa. Wachezaji wakilijua hilo, kicheko kinachotoka gizani kinawaambia ni nani wa kuzungumza naye. Kitoto kilichokaa juu ya mzoga huku majitu makubwa yakisubiri kinawaambia mama yake ni nani. Dume jeupe la makovu lisilojua majina ya wenzake linawaambia ni mgeni, na mgeni hununulika. Bado ni kundi la fujo: hakuna sheria iliyoandikwa, cheo kinagombewa kila mlo, ahadi ya leo si ya kesho. Lakini tayari una tabia nne tofauti bila kubuni hata lafudhi moja.

Hilo la lafudhi lisemwe wazi. Arusha na Moshi ni miji ya makabila mengi, na kishawishi cha kumpa kibwengo matamshi ya kabila fulani ili watu wacheke ni kikubwa. Usifanye. Kicheko kitaenda kwa kabila na hakitarudi kwa kiumbe, na mezani pengine yupo mtoto wa kabila hilo anayecheka kwa adabu tu. Vivyo hivyo kuiga ugonjwa wa akili: watu wengi wana ndugu anayeumwa nyumbani, na "ni kichaa" haikuambii kiumbe atafanya nini raundi ijayo. Kama unataka sauti tofauti, badilisha ujenzi wa maneno. Bi Ndulele humwita kila mtu mjukuu, hata mbilikimo wa miaka mia mbili. Sufuria huongea kwa maswali matupu. Kiroboto hamalizi sentensi. Koo lako litafika saa nne za mchezo bila kukauka, jambo ambalo sauti nyembamba ya kubana pua haikupi.

Joka, mjanja na upepo

Aina nyingine za fujo zinahitaji maneno machache zaidi. Joka la fujo lina kiburi: halikubali mtu yeyote awe sababu ya linachofanya. Ukiliomba likusaidie litakataa, hata kama lilikuwa linaelekea huko. Ukilisaidia kufikiri kwamba wazo ni lake, litakubeba mgongoni. Kiumbe mjanja, wa ukoo wa Sungura, ni rahisi kumchezesha kwa sababu sote tumekulia kwenye hadithi zake, lakini kadi yake iandikwe amechoshwa na nini. Mjanja asiyechoshwa na chochote atawachezea wachezaji wale wale hila zile zile mpaka wamchukie yeye pamoja na mwendeshaji.

Gumu ni lile zimwi la asili: jini la upepo, moto unaotembea, maji yenye macho. Halina njaa wala kiburi. Hapa badilisha mstari wa hamu uwe mwelekeo. Upepo wa jioni unaoteremka mlimani unataka kuteremka. Utakwepa, utazunguka, utabomoa, ila haupandi. Anayesimama chini yake yumo njiani, aliye juu yake hayupo kabisa duniani kwake. Tabia inatokana na jinsi unavyokutana na kizuizi: je, unapapasa kwanza, au unapiga moja kwa moja? Unarudi kutazama ulichovunja? Jibu hayo mawili tu, na wachezaji wataanza kuuita jina.

Onyo kwa wanaoipenda kazi hii kupita kiasi: mazimwi yakishakuwa na tabia, yanavutia yaongee yenyewe kwa yenyewe, na mwendeshaji anajikuta anajibizana na nafsi yake huku watu wanne wakimtazama. Mabadilishano mawili ya maneno kati ya viumbe, basi. La tatu lazima limgeukie mchezaji kwa jina la mhusika wake.

Nyuma ya kadi

Kikao kikiisha, geuza kadi za waliobaki hai. Andika mambo matatu: nani alimuumiza, nani alimlisha, aliahidi nini. Zimwi la fujo halivunji ahadi kwa kusahau. Hushika ile sehemu ya ahadi inayolifaa. Limeahidi kutokanyaga gogo? Litapita chini yake, majini. Wachezaji wakilalamika, wasomee maneno yao wenyewe uliyoyaandika, neno kwa neno.

Kisha badilisha mstari mmoja tu upande wa mbele, na usiwe wa hamu. Dalili ndiyo rahisi kubadilika, halafu kero. Mwiko ubadilike mara moja katika kampeni nzima, yaani mfululizo wote wa vikao vya hadithi moja, na kwa gharama inayoonekana.

Kwa hiyo vikao vitatu baadaye, wahusika wanaporudi kwenye ule mfongo, Bi Ndulele ameketi juu ya gogo. Masikio ameyaziba kwa nta safari hii. Sufuria anamfuata nyuma kichwa wazi, bila kelele yoyote, kwa sababu sufuria anayo bibi mapajani na kijiko amekikalia. Kiroboto yuko chini kwenye matope, amekatazwa kupanda. Bibi bado anataka kubembelezwa, na amepata njia mpya ya kuzuia asianzwe kuamkiwa. Anamwona mpiga upinde kwa mbali, anawahi yeye:

"Hujambo, mjukuu?"